Karatasi za kuingiza samaki wa baharini Uganda: kwa nini mzigo unakwama na karatasi zote zipo

Watu wengi wanaotaka kuanza kuleta samaki wa baharini Kampala huwa wanauliza swali moja tu, nipe listi ya karatasi. Listi hata ejenti mdogo kabisa pale Malaba atakupa, inakaa nusu ukurasa, na bado mtu mwenye listi hiyohiyo anakuta kontena lake la kamba limesimama, umeme wa friji unahesabiwa kila siku, na karatasi zote anazo kwenye faili. Mimi kazi yangu ni kuklia mizigo ya chakula, yaani kuitoa forodhani, na hicho ndo kitu kinaniuma kuliko vyote, manake pesa inayopotea pale mara nyingi si ya tajiri, ni ya mtu aliyekopa SACCO akachanganya na ya ndugu zake, na samaki akishaanza kuyeyuka harudi alivyokuwa. Kwa hiyo karatasi nitazitaja, lakini zaidi nataka uelewe kila moja inamjibu nani, kwa sababu ukishajua hilo utajua pia ipi inatangulia na ipi haipatikani tena meli ikishaondoka.

Anza na samaki mwenyewe. Forodha hawana kitu kinaitwa samaki wa baharini kwa jumla, wana namba za HS, yaani namba za kimataifa za kupanga bidhaa, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile karibu dunia nzima. Samaki mzima freshi au wa kwenye barafu ni 0302, aliyegandishwa ni 0303, minofu ni 0304, mkavu au wa chumvi au wa moshi ni 0305. Kamba, kaa na jamaa zao wako 0306. Pweza, ngisi, chaza na kome wako 0307. Hiyo yote ni sura ya 3. Ukishampika, ukampaka unga wa mkate, ukamtia kwenye kopo na mafuta, anahama kwenda sura ya 16, yaani 1604 kwa samaki na 1605 kwa kamba, ngisi na wenzao. Hapa ndo watu wanateleza. Samoni wa moshi anabaki 0305 ingawa anaonekana kitu cha kiwandani kabisa, kamba aliyechemshwa na ganda lake anabaki 0306, lakini kamba huyohuyo akipikwa akamenywa anakwenda 1605. Sasa muuzaji wako India anaandika namba moja kwenye invoisi, ejenti wako Kampala anatangaza nyingine, na kibali ulichoomba kinasema ya tatu, hapo hujadanganya mtu yeyote lakini kwa ofisa anayesoma hizo karatasi tatu hizo ni bidhaa tatu tofauti. Kwa hiyo kabla hujalipa hata deposit, kubalianeni na muuzaji na ejenti kwa maandishi, bidhaa hii namba yake ni hii, na iandikwe hivyo kila mahali.

Upande wa hapa nyumbani lazima uwe na kampuni au jina la biashara lililosajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na TIN, namba ya mlipakodi, ya URA, mamlaka ya mapato, hiyo sisemi sana kila mtu anaijua. Kinachofuata ni kibali cha kuingiza samaki, na hicho kinatoka Wizara ya Kilimo, Viwanda vya Wanyama na Uvuvi, MAAIF, kwenye kurugenzi ya rasilimali za uvuvi, Entebbe. Sheria inayotawala sasa ni ile ya uvuvi na ufugaji wa samaki ya 2022, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya samaki. Unaomba ukieleza samaki gani, kiasi gani, anatoka nchi gani na utamweka wapi akifika, na huo mwisho watu wanaupuuza sana, stoo yako ya baridi ni sehemu ya maombi, serikali inataka kujua samaki wa nyuzi hasi 18 ataenda kulala wapi. Maombi mengi ya aina hii siku hizi yanapitia mfumo wa dirisha moja wa elektroniki, ambako wizara, UNBS (shirika la viwango) na URA wanaona faili moja.

Kibali kinaombwa kabla mzigo haujapakiwa. Nasema hivi kwa herufi nzito kichwani mwangu kwa sababu kuna wazo limeenea kwamba ukishalipa muuzaji unaweza kushughulikia wizara huku meli iko njiani, bahari ni ndefu muda upo. Muda upo kweli, shida ni kwamba masharti ya kibali ndo yanakuambia cheti cha afya kutoka kule kiwe na nini ndani, na cheti hicho kinaandikwa kabla mzigo haujaondoka. Ukipata masharti baada ya meli kung'oa nanga huna tena wa kumwambia aongeze mstari.

Cheti cha afya ndo moyo wa jambo lote hili na ndo karatasi inayochanganywa na zingine kuliko yoyote. Kinatolewa na serikali ya nchi ya muuzaji, kwa usahihi zaidi na ile ofisi ambayo nchi hiyo imeipa kazi ya kusimamia usalama wa samaki, wanaiita mamlaka husika. Norway ni Mattilsynet, India kuna Export Inspection Council, Kenya ni Kenya Fisheries Service, Tanzania bara ni wizara ya mifugo na uvuvi. Kiwanda hakiwezi kujiandikia. Nimeshaona mtu analeta cheti kizuri kabisa chenye nembo ya dhahabu kinachosema kiwanda kina HACCP, yaani mfumo wa kudhibiti hatari za chakula, mwingine analeta cheti cha kwamba bidhaa inauzwa kwa uhuru nchini kule, mwingine analeta matokeo ya maabara kurasa nne, na wote wanaamini wameleta cheti cha afya. Hizo zote ni karatasi za kweli na zina kazi yake ila hakuna hata moja inayobeba sahihi ya ofisa wa serikali akisema shehena hii, yenye namba hizi, imekaguliwa na inafaa kuliwa na binadamu. HACCP inazungumzia kiwanda. Maabara inazungumzia sampuli. Cheti cha afya kinazungumzia mzigo wako.

Sisi Waganda tuna sababu ya kulielewa hili kuliko watu wengi. Mwisho wa miaka ya 1990 sangara wetu wa Ziwa Victoria alifungiwa soko la Ulaya mara kadhaa, 1997 kwa ajili ya salmonela, halafu kipindupindu kilipozuka ukanda huu, halafu 1999 baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilifungwa, watu wa Masese na Ggaba na visiwani wakakaa bila kazi, na kilichokuwa kinatakiwa na Ulaya hakikuwa kupima samaki mmoja mmoja. Walitaka kuona ofisi moja ya serikali ya Uganda inayoweza kusimama na kusema sisi ndo tunawajibika, tumekagua boti, mwalo, kiwanda na maji, na sahihi yetu ina maana. Ndo maana ukaguzi ukapangwa upya chini ya idara ya uvuvi. Kwa hiyo ofisa wa Entebbe anapokataa cheti cha kiwanda anadai cha serikali anakuomba kitu kilekile ambacho wazazi wetu wa ziwani waliombwa kwa ugumu mkubwa, na mimi binafsi naona ana haki kabisa.

Ndani ya cheti chenyewe, soma. Usikipokee kwa WhatsApp ukajibu asante. Kuna jina la samaki la kisayansi, kwa mfano jodari wa mapezi ya njano ni Thunnus albacares, na jina hilo linatakiwa kwa sababu majina ya sokoni yanabeba samaki wengi tofauti ndani ya jina moja. Kuna eneo alikovuliwa, mara nyingi kwa namba za FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, 51 ni upande huu wetu wa magharibi wa Bahari ya Hindi na 27 ni kaskazini mashariki ya Atlantiki huko Norway. Kama amefugwa iandikwe amefugwa, manake samaki wa kufugwa wana maswali yao ya dawa za antibiotiki, na kamba wengi wanaouzwa duniani sasa ni wa kufugwa. Kuna namba ya kiwanda kilichoidhinishwa, namba za loti, idadi ya maboksi, uzito, joto la kuhifadhia, namba ya kontena na namba ya seli, yaani lakiri ya mlango wa kontena. Halafu kuna tarehe. Tarehe ya kuzalisha inatangulia, kisha kukaguliwa na kupakiwa, kisha cheti, na cheti kisiwe cha baada ya siku meli ilipoondoka. Cheti kilichosainiwa wiki moja baada ya BL, hati ya meli ya kupokea mzigo, kinamwambia ofisa kwamba mtu alisaini mzigo ambao hakuuona.

Maabara ina uzito tofauti kulingana na samaki, na hapa inafaa ujue kwa nini unaulizwa. Jodari, vibua, nguru, sadini, hawa wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa wanatengeneza histamini kwenye nyama. Histamini haifi kwa kupika wala kwa kugandisha wala kwa kutiwa kopo, mtu anakula samaki ananukia vizuri kabisa na ndani ya saa moja uso umewaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Kodeksi, wanaoweka viwango vya chakula vya kimataifa, wameweka mpaka wa miligramu 200 kwa kilo kwa usafi, na 100 kama dalili ya kuoza. Samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama jodari, marlini na papa, wanakusanya zebaki mwilini, kwa jodari kiwango cha Kodeksi ni miligramu 1.2 za methili zebaki kwa kilo. Chaza na kome ndo wenye karatasi nzito zaidi ya wote, kwa sababu wao wanachuja maji siku nzima na kila kitu kilichomo majini kinaishia ndani yao, pamoja na sumu za mwani ambazo hazionekani wala hazipikiki, kwa hiyo hapo hata maji walikovunwa lazima yawe ya eneo linalosimamiwa na serikali kule. Kama ndo unaanza, ushauri wangu ni uache chaza kwanza. Anza na minofu iliyogandishwa.

Sasa kuna karatasi mbili ambazo zote zinasema samaki katoka wapi na watu wanazichukulia kama kitu kimoja. Cheti cha asili ni cha kodi, kinaonyesha bidhaa ni ya nchi gani ili forodha ijue unalipa nini. Cheti cha uvuvi ni cha uhalali, kinaonyesha meli gani ilivua, kwa leseni gani, wapi na lini, kupambana na uvuvi haramu. Umoja wa Ulaya wanakidai tangu 1 Januari 2010 kwa samaki wa baharini wa kuvuliwa, samaki wa maji baridi hawamo, ndo maana sangara wetu anaingia Ulaya bila hicho lakini jodari wa Lamu hawezi. Marekani nao wana mpango wao wa kufuatilia tangu 2018 kwa aina fulani za samaki. Wewe unayeleta Kampala unaweza kusema hiyo ya Ulaya hainihusu, na kwa mzigo wa kuliwa hapahapa mara nyingi ni kweli, ila muuzaji anayehudumia pia Ulaya tayari anazo hizo rekodi na kukupa kopi hakumgharimu kitu, na yule anayekataa kabisa kukuambia meli iliyovua amekufundisha jambo kuhusu mzigo wake. Zaidi ya hapo samaki siku hizi anavuliwa na nchi moja, anapelekwa kukatwa minofu nchi nyingine, anauzwa na kampuni ya nchi ya tatu, na bila karatasi ya uvuvi hutaweza kumjibu ofisa anapouliza kwa nini cheti cha afya kimeandikwa nchi moja na boksi limeandikwa nchi nyingine.

Cheti cha asili kina faida kubwa kwa anayenunua Pwani ya Kenya au Tanzania. Samaki aliyevuliwa na wavuvi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC, anahesabiwa ni wa Jumuiya na haingii na ushuru wa forodha, mradi cheti cha asili cha EAC kipo na kimegongwa na mamlaka ya kule. Lakini vibua waliotoka Asia wakafika Mombasa, wakabadilishwa boksi, wakagandishwa tena, hao hawajawa wa Kenya. Kugandisha na kufungasha peke yake hakumpi samaki uraia. Mfanyabiashara akikuambia usijali cheti cha EAC nitakupatia kwa samaki wa aina hiyo, achana naye, manake siku URA wakifuatilia deni linakuja kwa jina lako na TIN yako, yeye hayupo popote kwenye faili.

Na kuna viumbe wachache wa baharini ambao wanahitaji kibali kingine kabisa cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mayai ya stajeni wanaoita kavia wamo, mkunga wa Ulaya yumo, aina nyingi za papa zimeongezwa, jongoo bahari kadhaa wamo. Uganda inashughulikia kupitia wizara ya utalii na wanyamapori. Wengi hawatakutana nayo, ila papa mkavu na mapezi yake yanapita sana kwenye biashara ya Pwani, kwa hiyo uliza ni papa gani kwanza kabla ya kuuliza bei.

Karatasi za biashara, yaani invoisi, pakingi listi na BL, hizo kila mtu anazo na ndo maana hakuna anayeziangalia. Ugomvi mkubwa hapo ni uzito. Kamba na minofu ya kugandisha hupakwa tabaka la barafu kuilinda isikauke, wenyewe wanaita glezi, na barafu hiyo ina uzito wake. Boksi limeandikwa kilo 10, ukiyeyusha barafu nyama yenyewe inabaki kilo 8. Viwango vya Kodeksi vinasema uzito halisi usihesabu glezi. Sasa kiwanda kinaandika kwenye pakingi listi uzito wa pamoja na glezi, cheti cha afya kinaandika bila glezi, BL inaandika uzito na boksi na paleti, na invoisi unalipa kwa kilo ambazo hujui ni zipi. Mdai muuzaji safu tatu wazi, uzito wa nyama, uzito na glezi, uzito wa jumla, na hizo tatu zifanane kwenye kila karatasi. Faida ni yako pia, manake asilimia 20 ya barafu unayoilipia bei ya kamba ni pesa nyingi kuliko ada zote za vibali ukizijumlisha. Kwenye BL hakikisha joto la kontena limeandikwa na jina lako liko vilevile kama lilivyo kwenye TIN, kampuni iliyoandikwa Limited huku na Ltd na jina pungufu kule imeshamweka mtu foleni.

UNBS wanakuja na swali lao, je bidhaa inafuata viwango. Kuna mpango wa kukagua mzigo kule unakotoka kabla haujasafiri, PVoC, unaofanywa na makampuni yaliyopewa kazi na UNBS, na mwisho unapata cheti cha ulinganifu. Bidhaa zilizo chini ya viwango vya lazima zikija bila hicho zinakaguliwa hapa na unatozwa juu yake, na kwa samaki kukaguliwa hapa maana yake ni sampuli, kusubiri maabara, na friji inaendelea kula umeme. Kwa bidhaa za kopo na za pakiti ndogo za dukani kuna pia lebo, kiwango cha Afrika Mashariki ni EAS 38, wanataka jina la chakula, viungo, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, loti, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, na jinsi ya kuhifadhi. Kopo la sadini lenye maandishi ya Kichina au Kithai tupu halitapita, na stika ya kubandika Kampala baada ya kukamatwa ni njia ya gharama kubwa kuliko kumwomba kiwanda achape lebo mapema.

Kwenye kodi nitasema yale yanayowashtua watu. Ushuru wa forodha wa EAC tangu Julai 2022 una ngazi nne, asilimia 0, 10, 25 na 35, na namba yako ya HS ndo inakuweka kwenye ngazi, ndo maana nilianza nayo. Juu yake kuna tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 kwa bidhaa za nje ya Jumuiya, na kodi ya zuio asilimia 6 inayokatwa wakati wa kuingiza mpaka uwe umepewa msamaha na URA kwa kuwa rekodi yako ni safi, omba huo msamaha mapema ni pesa ya mzunguko inaokolewa. VAT ni asilimia 18, lakini chakula ambacho hakijasindikwa kimesamehewa, na sheria yetu inasema kukausha, kutia chumvi, kukata minofu, kutoa mifupa, kupoza na kugandisha bado inahesabika hakijasindikwa mradi thamani iliyoongezwa haizidi asilimia 5 ya thamani ya bidhaa. Hiyo asilimia 5 ndo yenye ubishi, kwa hiyo uwe na maelezo ya gharama kutoka kiwandani badala ya kubishana kwa mdomo pale kwenye dirisha.

Kitu kingine ambacho hata maejenti wengine hawakitumii ni thamani ya mzigo wa ndege. Kwa meli, forodha inajumlisha bei, nauli na bima. Kwa ndege, jedwali la nne la sheria ya forodha ya Jumuiya linasema nauli ya ndege haijumlishwi. Samoni freshi anayetua Entebbe nauli yake ni sehemu kubwa sana ya gharama, kwa hiyo invoisi iwe imetenganisha bei ya samaki na nauli. Ikija namba moja iliyochanganywa ofisa hana jinsi ya kuitoa na utalipia ushuru nauli ambayo sheria imekusamehe.

Safari yenyewe, kwa anayepitia Mombasa, tangu mfumo wa himaya moja ya forodha uanze 2014 tangazo linafanywa URA wakati mzigo bado uko bandarini, kodi inalipwa, ndipo unaachiwa kuondoka, na lori linaweza kufungwa seli ya elektroniki inayofuatiliwa mpaka Malaba au Busia. Kwa Dar unakuja kwa Mutukula. Huu mfumo umesaidia sana kwa samaki kwa sababu foleni ya mpakani imepungua, lakini umehamisha presha yote kwenda mwanzo, yaani karatasi isiyokuwepo meli inapofunga gati inakukamata Mombasa, mbali na stoo yako, kwenye plagi ya umeme ya watu. Na kama kontena limefunguliwa njiani kwa ukaguzi na seli ikabadilishwa, hakikisha ofisa aliyeifungua ameandika seli ya zamani na mpya kwenye karatasi yenye mhuri, la sivyo cheti cha afya kitakuwa na seli moja na lori nyingine.

Akina mama na vijana wanaobeba magunia pale Busia nao wasidhani haya ni ya wenye makontena. Kuna utaratibu rahisi wa EAC kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, unapewa cheti cha asili kilichorahisishwa palepale mpakani, bila ejenti, na kama bidhaa imo kwenye listi ya pamoja ushuru wa forodha hakuna. Lakini utaratibu huo unarahisisha forodha tu. Usalama wa chakula uko palepale, dagaa au papa mkavu bado anaangaliwa na mkaguzi wa samaki, na mama aliyenunua kwa muuzaji mwenye karatasi za Kenya anapita akiwa ameinua kichwa, huku aliyeambiwa pita njia ya panya anapoteza gunia zima na hana pa kulalamika. Inaniudhi kuona bado wanadanganywa kwamba karatasi ni za matajiri.

Samaki hai, vifaranga au kaa hai, hiyo ni habari tofauti kabisa na usiichanganye na kibali cha samaki wa kula. Hapo wanauliza magonjwa ya majini na kiumbe kikitoroka kitafanya nini ziwani. Sangara mwenyewe aliletwa Victoria miaka ya 1950 na tunajua samaki wangapi wa asili walipotea baada yake, kwa hiyo ukiona maswali ni mengi yajibu tu.

Ninavyofanya mimi na wateja ninaowashughulikia, kabla meli haijaondoka tunamwomba muuzaji drafti za karatasi zote, invoisi, pakingi listi, BL, cheti cha afya, cheti cha asili, cha ulinganifu kama kinahusika, tunaziweka pembeni ya kibali cha wizara na tunasoma kwa mstari, jina la samaki, HS, loti, maboksi, uzito, kiwanda, kontena, seli, tarehe, jina la kampuni. Tofauti ikionekana kwenye drafti inarekebishwa kwa imeili moja. Ikionekana Mombasa, cheti cha serikali ya nchi nyingine kinatakiwa kufutwa na kutolewa upya na ofisa ambaye hajui wewe ni nani, kwa saa za kazi za kwao, sikukuu zao zikiwemo. Muuzaji mzuri hakasiriki kuombwa drafti. Anayesema karatasi zitakuja na kuria baada ya meli kuondoka, msubirishe malipo.

Na mzigo ukishatoka, faili lisiende kabatini moja kwa moja. Namba ya loti iandikwe kwenye delivari noti ya kila hoteli na kila duka unalopelekea, hata kama ni boksi mbili tu za Nakasero, kwa sababu siku mteja mmoja akipiga simu kwamba watu wamekula jodari wakawashwa usoni, ukiwa na loti unarudisha maboksi ya siku ile ya uvuvi peke yake na unajua nani amebaki nayo, na ukiwa huna unalazimika kufunga stoo nzima na kupigia simu kila mtu Kampala huku wengine wanaendelea kula.